Nyundo na Mwenye Mlango

Liko swali ambalo wazee na vijana hulijadili mara kwa mara: jambo lililokwama, je, lifunguliwe kwa nguvu au kwa subira? Kila upande una methali yake, na kila upande hudhani umeshinda. Sisi twaona kwamba swali lenyewe halijaulizwa vema. Basi na tulitazame kwa njia ya kazi ya mikono, kwa maana chuma hakimpendelei mtu, wala hakidanganywi kwa maneno.

Chukueni motokaa ya zamani iliyotumika miaka mingi katika nchi kama hii yetu ya Unyanyembe. Wakati wa kiangazi vumbi huingia katika bawaba za milango. Mvua zikija, maji hulifuata vumbi. Grisi hukauka, na kutu huanza. Nayo kutu ina tabia hii, kwamba hutaka nafasi kubwa kuliko kile chuma ilichokila. Kwa hiyo pini ya bawaba, iliyokuwa ikizunguka kwa wepesi, hubanwa pande zote ndani ya tundu lake, hata mlango hulia, kisha hukataa.

Fundi mwelevu hutegemeza mlango kwanza kwa jeki na ubao, ili uzito wake usiivute pini upande. Husugua kutu kwa brashi ya waya, hutia mafuta mepesi yawezayo kupenya, huacha usiku kucha, kisha hutia tena. Hutazama pini iliingizwa kutoka upande gani, kwa maana nyingine zina meno madogo karibu na kichwa, nazo hazitoki ila kwa kurudi zilikotoka. Ikikataa bado, huipasha moto bawaba, wala si pini, ili tundu lipanuke. Na kabla ya moto huondoa kila kitu kiwezacho kuwaka. Ndipo huweka kipande cha chuma chembamba kidogo kuliko pini, hukinyosha sawasawa nayo, na kukipiga kwa nyundo nzito. Angalieni jambo hili: nyundo imo katika kazi. Subira haikuifukuza nyundo, bali imeitengenezea njia.

Fundi mwenye pupa huanza na nyundo. Mwisho wa pini hupondeka na kutanuka kama uyoga, na sasa pini imekuwa nene kuliko tundu ipasalo kupita. Akizidi kupiga, bawaba hupinda, na mlango hautafunga sawasawa tena.

Kwa nini afanya hivyo? Mtu atasema, kwa ujinga. Lakini mara nyingi ajua vema. Sababu ni kwamba yeye hulipwa ujira wa siku, na mlango ni wa mwingine. Pigo ni lake, hasara ni ya mwenye mlango. Hapo ndipo kiini cha swali kilipo. Nguvu huwa nyepesi sana mkononi mwa mtu asiyelipa gharama yake.

Nchi yetu iliyaona hayo. Mwaka 1871 Mtemi Mirambo wa Urambo, akiwa na ugomvi na wafanyi biashara Waarabu wa Unyanyembe, aliifunga njia ya misafara iendayo Ujiji. Henry Morton Stanley, aliyekuwa akimtafuta David Livingstone, alikuwa amekwisha kufika hapa kutoka Bagamoyo, naye akajiunga na Waarabu ili njia ifunguliwe kwa bunduki. Mwezi wa Agosti walimwendea Mirambo. Mwanzo walishinda, kisha kikosi chao kikaviziwa kilipokuwa kikirudi na nyara, na jeshi lote likakimbia. Tarehe 22 Agosti Mirambo mwenyewe akaja Tabora, akachoma sehemu ya mji, na Khamis bin Abdallah akauawa pamoja na wengine. Mwezi wa Septemba Stanley akashika njia ya kusini, akazunguka, akafika Ujiji mwezi wa Novemba. Hatusemi kwamba yeye ndiye aliyeileta vita ile. Twasema hivi tu: msafiri alipata njia nyingine, lakini wenyeji walibaki na majivu.

Lakini asifurahi upesi mtu apendaye kungoja. Pini iliyotiwa mafuta na kusahauliwa hushikwa na kutu tena, na mwenye motokaa hana njia ya kumpeleka mgonjwa wake. Mvivu naye huwatwika wengine gharama. Livingstone alikaa Kwihara tangu Machi hata Agosti 1872, akingoja watu ambao Stanley aliahidi kumpelekea kutoka pwani. Walipofika, hakukawia, tarehe 25 Agosti aliondoka. Kungoja kwake kulikuwa na jambo linalongojewa. Kungoja kusiko na jambo kama hilo si subira, ni kulala.

Tena iko saa ambapo kitu hakina budi kuvunjwa. Mafuta yameshindwa, moto umeshindwa, nyundo imeshindwa. Hapo fundi huchukua msumeno wa chuma na keekee, akaikata pini na kuitoboa hata itoke vipande vipande. Pini ni kitu kidogo. Huweza kuchongwa nyingine. Bawaba imeshikamana na mwili wa motokaa. Fundi ajuaye kazi huharibu pini ili aiokoe bawaba, wala hafanyi kinyume.

Basi, ninyi wazee mnaoketi barazani, ninyi walimu, nanyi wazazi wenye mwana aliyekuwa mgumu, jiulizeni mambo mawili kabla ya kupiga. La kwanza: pigo hili likikosea, nani atakaa na mlango uliopinda? Ikiwa ni mke wake, au watoto wake, au kijiji tutakachokiacha kesho, basi mkono na uzuiliwe kwanza, tutafute mafuta. La pili: katika ugomvi huu, pini ni ipi na bawaba ni ipi? Mara nyingi pini ni heshima yetu wenyewe, au neno tulilolisema mbele ya watu nasi hatutaki kulirudisha. Hiyo ikatwe. Mtu asivunjwe kwa ajili yake.