Njoo, Usikilize Hapa

Tafakari ya wiki
Somo: 1 Wakorintho 14:7-12



Mazoezi ya kwaya yakiisha jioni, wanakwaya wetu wa Cyanzarwe hawatawanyiki mara moja. Simu hutolewa mifukoni, spika ndogo huwashwa, na mjadala huanza: Haleluya ya Handel imeimbwa vizuri zaidi na nani? Mmoja anataka ile yenye kwaya kubwa na tarumbeta zinazotikisa kuta. Mwingine anataka ile ya waimbaji wachache, ambayo kila sauti inasikika wazi. Wa tatu anaapa kwamba hakuna anayeifikia Chorale de Kigali, kwaya iliyoanza mwaka 1966 na inayoimba Handel na Mozart pamoja na nyimbo za Kinyarwanda. Nawapenda vijana hawa, na mjadala wao naupenda. Mtu aliyeshinda shambani akipalilia viazi, kisha usiku unamkuta bado anatetea uzuri wa wimbo, ana njaa ambayo Mungu mwenyewe ameiweka ndani yake.

Lakini nimesikia pia jinsi mjadala huo unavyoharibika. Neno lililoanzia kwenye wimbo linamgeukia mtu: wewe muziki umejifunzia wapi, ninyi wa sauti ya nne mnapenda kelele tu. Kuanzia hapo hakuna tena anayesikiliza. Aliyenyamazishwa anarudi kwake na simu yake mfukoni, na siku nyingine hatathubutu kuwasikilizisha wenzake wimbo unaomtoa machozi. Ndiyo maana wiki hii naomba tutafakari namna tunavyozungumza juu ya jambo zuri tulilolisikia.

Mtume Paulo aliandikia kanisa lililogawanyika kwa mambo kama haya. Huko Korintho wengine walijiita watu wa Paulo, wengine watu wa Apolo, wengine watu wa Kefa. Kila kundi lilikuwa na sauti yake liipendayo, na kila kundi liliwadharau wenzake. Katika sura ya 14 Paulo anachukua mfano wake kwa wanamuziki: anataja filimbi, kinubi na tarumbeta. Anasema vyombo hivyo visipotofautisha sauti, asikiaye hatajua kinachopigwa. Anakubali kwamba duniani zipo sauti za namna nyingi, na kila moja ina maana yake. Kisha anafika kwenye jambo lenyewe: nisipoielewa sauti ya mwenzangu, mimi ni mgeni kwake, naye ni mgeni kwangu. Kwa hiyo tutafute yale yanayolijenga kanisa. Kwa Paulo, kipawa kinapimwa kwa kile kinachomfanyia jirani.

Nataka kuwaonyesha jambo hili kwa kutumia rekodi mbili ninazozipenda. Zote ni za Misa moja, nayo ilizaliwa katika nchi ya jirani zetu.

Mwaka 1953 Mfransisko mmoja kutoka Ubelgiji, Padre Guido Haazen, alifika Kamina, katika Katanga, Kongo. Akaanzisha kwaya ya wavulana wapatao 45, wenye umri kati ya miaka 9 na 14, pamoja na walimu wapatao 15. Wakati huo Misa ilikuwa bado ya Kilatini. Waimbaji wa Kamina wakayachukua maneno yale ya Kilatini na kuyaimba kwa sauti na midundo ya Kongo. Hawakuwa na karatasi ya noti mbele yao. Walibuni papo hapo, ndani ya mitindo waliyolelewa nayo. Tarehe 23 Machi 1958 Misa hiyo, iliyopewa jina Missa Luba, iliimbwa katika misheni ya Mtakatifu Bavo, Kamina. Mwaka huohuo kwaya ilizunguka Ulaya, na sauti zao zikarekodiwa kwa ajili ya santuri za Philips, mwimbaji kiongozi akiwa Joachim Ngoi. Kumbukeni tarehe hizo. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulifunguliwa mwaka 1962, na hati yake juu ya Liturujia, iliyotolewa tarehe 4 Desemba 1963, ndiyo iliyotaka muziki wa asili wa kila taifa uheshimiwe katika ibada. Watoto wa Kamina walikuwa wametangulia.

Rekodi ya pili ni ya mwaka 1990, nayo ni ya kwaya ya Kenya, Muungano National Choir, iliyoongozwa na Boniface Mganga. Misa ni ileile, ila hawa ni watu wazima, wake kwa waume, na sauti zao za chini ni nzito na za kina.

Ipi ni bora? Moyo wangu uko Kamina, nami nitawaambia sababu. Wimbo wa Mtakatifu katika Misa hiyo umejengwa juu ya wimbo wa Waluba wa kuagana. Unapoimbwa na watoto, namsikia mtu anayeaga akiwa bado mdogo mno kuondoka nyumbani. Kisha inaingia Hosana kwa mdundo wa ngoma ya kuchezwa ya Kasai, na huzuni ile inageuka furaha bila kufutwa. Kila nikifika hapo namkumbuka Bwana akiingia Yerusalemu katikati ya shangwe, huku akijua kinachomngoja Ijumaa.

Lakini mama mmoja wa kwaya yetu, ambaye amezika watu wake, anaipenda ile ya Kenya. Hakuniambia kwamba nimekosea. Alisema: Padre, sikiliza Kanuni ya Imani, pale Bwana anaposulubiwa, usikilize sauti za wanawake, hivyo ndivyo tunavyolia msibani, na watoto hawajui kulia hivyo. Tukanyamaza, tukasikiliza mpaka mwisho. Sikuiacha Kamina, wala yeye hakuiacha ile ya Kenya. Ila tangu siku hiyo nikifika mahali hapo nawasikia wanawake waliosimama chini ya msalaba, na aliyenipa masikio hayo ni yeye.

Tazameni alichofanya. Aliutaja wimbo, akataja mahali penyewe, akaniambia sababu iliyotoka katika maisha yake, kisha akaniachia nafasi ya kusikia mwenyewe. Mgeni akifika kwetu siku ambayo mlima Nyiragongo umejifunika mawingu, hatumgombezi kwa kutouona. Tunasimama upande wake, tunanyoosha mkono, tunamwambia angoje kidogo, autazame pale. Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Katika mambo ya uzuri, mwenye masikio anahitaji sana kuambiwa sikiliza, tena na mtu anayempenda.

Haleluya ya Handel nayo inatufundisha hayohayo. Mwaka 1959 kiongozi wa okestra Thomas Beecham aliirekodi Messiah, kazi ambamo Haleluya hiyo inatoka, jijini London kwa okestra kubwa, pamoja na vyombo ambavyo Handel mwenyewe hakuviandikia muziki katika kazi hiyo. Mwaka 1980 ikatoka rekodi ya Christopher Hogwood, aliyeipiga kwa kundi dogo na kwa ala za namna iliyotumika karne ya 18, akifuata jinsi Handel alivyoipiga mwaka 1754 katika kituo cha watoto waliotupwa na wazazi wao. Wapenzi wa muziki wamebishana juu ya njia hizi mbili kwa miaka mingi. Handel mwenyewe hakuiimbisha kwa namna moja tu. Alibadilisha sehemu kadiri ya waimbaji aliokuwa nao. Anayempenda Beecham anasikia umati usiohesabika mbele ya kiti cha enzi. Anayempenda Hogwood anasikia kila muumini akiungama kwa kinywa chake. Ufunuo wa Yohane una yote mawili: umati mkubwa, na jina jipya analopewa kila mmoja.

Msisahau pia wimbo huo ulifanya nini siku ya kwanza. Messiah ilipoimbwa Dublin tarehe 13 Aprili 1742, mapato yaligawiwa hospitali mbili na wafungwa wa madeni. Watu 142 waliokuwa kifungoni kwa sababu ya madeni waliachiliwa. Naamini kati ya waliolipa kuingia wapo waliosifu waimbaji na wapo waliowakosoa, kama tunavyofanya sisi. Wale 142 walipata uhuru wao. Paulo angefurahi kuona vipawa vikijenga namna hiyo.

Na sisi watu wa Jimbo la Nyundo tunaye mwalimu wetu wa kusikiliza. Askofu Aloys Bigirumwami, aliyewekwa wakfu mwaka 1952, alitumia miaka mingi kukusanya methali, hadithi na mila za Wanyarwanda. Alikuwa askofu; angeweza kudai kwamba yeye ndiye wa kusema na wengine wa kusikiliza. Badala yake alitega sikio kwa wazee, akaandika walichojua. Palepale Nyundo, mwaka 2014, ikafunguliwa shule ya muziki iliyowapokea vijana wa Rwanda wenye vipaji, ingawa baadaye ilihamia Muhanga. Nchi yetu imefunzwa kusikiliza, na tusiuache urithi huo uishie kwenye makelele ya simu.

Sasa tuyalete haya nyumbani. Anayesema kwamba rekodi fulani ni bora kuliko zote, akaishia hapo, hajatupa kitu tunachoweza kukipokea; ametupa uamuzi wake tu, nasi tumebaki kuukubali au kuukataa. Anayesema nilipofika mahali hapa niliguswa kwa sababu hii, ametupa sehemu ya maisha yake. Kwa huyo tunaweza kuwa wageni, tukaingia, tukakaribishwa. Kusifu kwa namna hii kunadai kazi zaidi, kwa kuwa unalazimika kwanza kusikiliza vizuri hata ujue ni wapi hasa ulipoguswa, na kunadai ujasiri, kwa kuwa unafungua moyo wako mbele za watu.

Anayepokea naye ana wajibu wake. Asikilize mpaka mwisho kabla ya kufungua kinywa. Ni rahisi kuukata wimbo baada ya nusu dakika na kusema huu siupendi. Wapendwa, wangapi kati yetu tunawakatiza hivyo wake zetu, waume zetu, watoto wetu? Kijana anaanza kueleza linalomfurahisha, na kabla hajafika katikati baba ameshatoa hukumu. Baadaye tunashangaa kwa nini mtoto huyo hazungumzi nasi.

Ndivyo ilivyo hata kwa Injili yenyewe. Wapo ndugu zetu waliochoka kuambiwa kwamba dini yetu ni bora kuliko yao. Hawajachoka kumsikia mtu anayewaambia kwa upole mahali Yesu alipomkuta: kwenye kitanda cha hospitali, kwenye kaburi la mtoto, kwenye msamaha ambao hakudhani angeweza kuutoa. Filipo alipomwona Bwana, alimwendea Nathanaeli. Nathanaeli akauliza kwa dharau kama Nazareti inaweza kutoa kitu chema. Filipo hakuanza ubishi juu ya Nazareti. Alimwalika aje aone.

Kwa hiyo nawapa zoezi la wiki hii. Kila mmoja achague wimbo mmoja mtakatifu anaoupenda, uwe wa Handel, wa Kamina, au wa kwaya yetu wenyewe. Ausikilize peke yake hata ajue mahali hasa panapomgusa na sababu yake. Kisha amtafute mtu mmoja, hasa yule ambaye yeye mwenyewe aliwahi kumnyamazisha kwa maneno, amwambie: njoo, usikilize hapa. Na baada ya kumsikilizisha wa kwako, mwombe naye akuonyeshe wa kwake, usikilize mpaka mwisho. Jumapili tutakapokutana, nitawauliza mmesikia nini katika wimbo wa mwenzenu.

Tuombe. Bwana Mungu wetu, uliyewapa wanadamu sauti za namna nyingi wala hukuiacha hata moja bila maana, tuponye kiburi cha masikio. Utupe kulitaja jema tulilolisikia kwa namna inayomjenga ndugu yetu, na kulipokea analotupa bila haraka ya kuhukumu. Wabariki wanaoimba na wanaosikiliza, hapa kwetu na ng'ambo ya mpaka, mpaka siku tutakapokusifu pamoja, kila mmoja kwa sauti uliyompa. Kwa njia ya Kristo Bwana wetu. Amina.