Ua wa Makaburi ni wa Nani?



Ibrahimu alipofiwa na mkewe Sara, hakukubali kupewa kaburi bure. Wahiti walimwambia achague popote apendapo. Yeye alipima shekeli 400 za fedha mbele ya mashahidi langoni pa mji, akanunua shamba la Makpela, pango lake, na miti yote iliyokuwa mipakani mwake. Alikuwa mgeni katika nchi ile, wala hakuwa na shamba. Akajipatia kwanza kaburi lenye mipaka.

Mama Kanisa ameshika njia hiyo. Sheria zake za mwaka 1917, katika kanuni ya 1210, ziliagiza makaburi yazungushiwe ua pande zote na kulindwa kwa uangalifu. Sheria za mwaka 1983 hazitaji ua, ila zataka kanuni ziwekwe mahali kwa mahali za kulinda utakatifu wake.

Basi, ni nani aujengaye ua huo? Ukuta ukianguka twasema, “Padre ataona.” Mbuzi huingia, misalaba ya chuma hung’olewa usiku ikauzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, nasi twamngoja Padre!

Wakatoliki wa Uingereza ya kale walifunzwa vingine. Askofu Mkuu wa Canterbury, Robert Winchelsey, aliyefariki mwaka 1313, alipoorodhesha mambo yawapasayo waumini wa parokia, alitaja kalisi, mavazi ya Misa, kengele, na pamoja na hivyo ua wa makaburi. Ua uliwekwa katika orodha moja na kalisi! Na katika vijiji vya Sussex, kusini mwa nchi hiyo, ua uligawanywa kwa hatua: kila shamba lilikuwa na kipande chake cha kutengeneza. Katika kijiji cha Cowfold majina ya mashamba yaliandikwa juu ya ua wenyewe. Kanisa la hapo sasa ni la Waanglikana, lakini wajibu huo ni wa zamani kuliko mfarakano. Mbao zilipooza, kijiji kizima kilijua ni za nani.

Sisi tunazo jumuiya ndogo ndogo. Yafaa nini zisipimiwe hatua zao, hii kutoka lango hadi mwembe, ile kutoka mwembe hadi kona? Penye uhaba wa saruji, minyaa au mkonge watosha. Mbuzi haulizi ua umejengwa kwa kitu gani.

Tangu tarehe 1 hadi 8 Novemba, mwenye kuzuru makaburi na kuwaombea marehemu, akitimiza masharti ya kawaida, aweza kuwapatia rehema kamili. Siku hizo lango lisitiwe kufuli. Palikuwa langoni, katika mji wa Naini, Bwana wetu alipokutana na jeneza la kijana na mama yake mjane, akawasimamisha wachukuzi.