Mchumia Juani

Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Methali hii nimeisikia tangu utotoni, na kwa miaka mingi sikuitilia shaka. Siku hizi najiuliza: je, anayechuma ndiye anayekula?

Nilianza kujiuliza hivyo mjomba wangu alipofariki. Kwa mila ya zamani ya sisi Wamakonde, mtu hurithiwa na watoto wa dada yake, ingawa leo wengi hufuata sheria ya dini au ya serikali. Ukoo ukanikabidhi shamba lake la mikorosho. Lakini waliolipalilia, wakapuliza salfa na kuokota korosho kila msimu, ni watoto aliowazaa yeye. Mimi nilikuwa kazini Mtwara mjini. Nililipokea shamba kwa furaha, nikajiambia mila ni mila.

Siku zile nilikuwa nasoma habari za Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, Sultani wa Unguja na Oman. Alizaliwa Mtoni mwaka 1844; mama yake alikuwa suria kutoka milima ya Kaukazi. Baba alipofariki mwaka 1856, Salme alirithi shamba na fedha angali msichana mdogo. Mwaka 1866, akiwa na mimba ya mfanyabiashara Mjerumani, Heinrich Ruete, alitoroka kwa manowari ya Waingereza hadi Aden. Huko alibatizwa, akaitwa Emily, akaolewa. Mwaka 1870 mumewe alikufa kwa ajali ya tramu mjini Hamburg, akamwachia watoto watatu wadogo na maisha ya dhiki. Mwaka 1885 alirudi Unguja pamoja na manowari za Ujerumani, akidai urithi wake. Kaka yake, Sultani Barghash, alikataa hata kuonana naye, kwa kuwa alikuwa ameacha dini. Alijaribu tena mwaka 1888, akaambulia patupu. Alifariki Ujerumani mwaka 1924.

Nilimwonea huruma, na mpaka sasa namwonea. Lakini mimi ni mtu wa Ruvuma, na kuna jambo halikuniacha nilale.

Mwaka ule ule wa 1866, mwezi Machi, Livingstone alifika Mikindani, akashika njia ya Ruvuma kwenda bara. Njiani alimkuta mwanamke amefungwa shingo kwenye mti, amekwisha kufa. Aliambiwa kwamba alishindwa kwenda sawa na msafara wa watumwa. Waliosalimika katika misafara kama ile walishushwa pwani, wengi wao Kilwa, na maelfu wakavushwa hadi Unguja kulima karafuu. Mali ya jumba la Sultani ilitoka katika mashamba hayo na katika ushuru wa biashara hiyo.

Kumbukumbu za Salme zilichapwa Ujerumani mwaka 1886. Humo analalamika kwamba amedhulumiwa. Humo humo anautetea utumwa wa kwao, akisema usilinganishwe na ule wa Marekani. Hakuwa mtu mkatili. Nadhani hakuona tu. Yeye na kaka yake waligombana miaka mingi juu ya nani ni mrithi, na katika ugomvi wote huo hakuna aliyeuliza nani alichuma.

Hapo nilifunga kitabu, maana nami sikuwa nimeuliza.

Mtu anaweza kuwa na haki ya kurithi kwa mila, kwa dini au kwa sheria, na bado akawa na deni. Haki hujibu swali la nani apewe. Haijibu swali la jasho la nani limo ndani yake.

Niliwaita binamu zangu, tukagawana shamba. Wao walichukua sehemu kubwa, mimi nikabaki na mikorosho michache karibu na kaburi la mjomba. Baadhi ya wazee wa ukoo walininunia, wakasema nimeitupa mila. Huenda wana haki. Lakini msimu uliofuata nilikwenda kuokota korosho zangu mwenyewe, na jua la Oktoba likanichoma sawasawa.