Je, Siku Ina Mwenyewe?

Msomaji, chukua kalenda, weka kidole juu ya tarehe yoyote, kisha uulize ni mambo gani yaliyopata kutokea siku hiyo tangu watu walipoanza kuandika habari zao. Utakuta vita na mapatano, kuzaliwa kwa mfalme mmoja na kufa kwa mwingine, meli iliyozama na mji ulioanzishwa. Mwaka una siku 365, au 366 ukiwa mrefu, lakini mambo ya wanadamu hayana idadi. Hapana budi basi mengi yakae pamoja katika siku moja, hata kama hayajuani.

Nilipokuwa katika chuo cha ualimu, mkufunzi wetu wa hesabu alituambia kwamba katika kundi la watu 23, yaelekea zaidi wawili kuwa wamezaliwa tarehe moja kuliko kutokuwa hivyo. Tulidhani anatudhihaki. Akatuonyesha ubaoni kwamba katika darasa la watu 40, jambo hilo litatokea karibu mara tisa katika kila kumi. Tangu nianze kufundisha, nimelijaribu katika kila darasa jipya, na limenivunjia ahadi mara moja tu.

Mwaka mmoja nililijaribu tena, wavulana wawili wakakutana katika mwezi wa Machi, darasa likacheka. Lakini msichana mmoja akaaye Ziwani hakucheka. Alisimama akasema, "Mwalimu, mimi nilizaliwa tarehe 7 Julai, na nyanya yangu hataki nifanyiwe karamu siku hiyo. Asema ni siku ya kilio. Je, mimi nina kosa gani?"

Sikuwa na jibu tayari. Nakuandikia haya kwa sababu swali lile lilinisumbua kwa muda mrefu kuliko hesabu ya mkufunzi wangu.

Nyanya yule alikuwa na sababu. Kutoka Ziwani hadi uwanja wa Kamukunji mtu huenda kwa miguu, kupitia Gikomba. Katika mwaka 1990 Kenya ilikuwa na chama kimoja tu kilichoruhusiwa na sheria, na waliokuwa mawaziri zamani, Kenneth Matiba na Charles Rubia, walidai vyama vingi, wakaita mkutano Kamukunji siku ya Jumamosi, tarehe 7 Julai. Serikali iliukataza, na siku tatu kabla yake wawili hao wakatiwa kizuizini. Watu walikwenda vivyo hivyo. Wakatawanywa kwa nguvu, ghasia zikaenea mitaani na katika miji mingine kwa siku kadhaa, na roho za watu zikapotea. Mdogo wake nyanya alitoka nyumbani asubuhi ile akarudi baada ya siku tatu, mguu umevunjika, na mpaka alipofariki hakusimulia alikokuwa. Desemba ya mwaka 1991 kile kifungu cha katiba kilichoruhusu chama kimoja tu kikafutwa. Watu wa Nairobi waliiita siku ile Saba Saba, na wanaiita hivyo hata leo.

Lakini tamka neno hilo hilo Dar es Salaam, msomaji, uone msikilizaji wako atafikiri nini. Yeye ataona mabanda ya maonyesho ya biashara katika Barabara ya Kilwa, na watoto walioshikwa mikono na wazazi wao. Akiwa mtu mzima atakumbuka chama cha TANU, kilichozaliwa mjini humo tarehe 7 Julai 1954, Julius Nyerere akiwa rais wake. Huo ndio mwaka ambao Nairobi ilipitia msako mkubwa wa mwezi wa Aprili, wakati wakazi wa mitaa ya Mashariki walipotolewa majumbani mwao kwa maelfu na kupelekwa vizuizini. Mwaka mmoja, bahari moja ya lugha, na huku watu wanafungwa, kule wanaanzisha chama mchana kweupe.

Wala hayo si yote. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulianza kutumika tarehe 7 Julai 2000. Tarehe 7 Julai 2005 mabomu yaliua watu 52 waliokuwa wakisafiri London. Na lugha hii ninayokuandikia ina siku yake duniani, iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021: siku yenyewe ni 7 Julai.

Je, tuseme kwamba tarehe hiyo ina nguvu ndani yake? Wapo watu ambao wangesema hivyo. Mwaka 1826, marais wawili wa zamani wa Marekani, John Adams na Thomas Jefferson, walifariki siku moja, nayo ilikuwa 4 Julai, miaka hamsini kamili tangu tangazo la uhuru ambalo wote wawili walilishughulikia. Wengi waliona mkono wa Mungu. Sitabishana nao juu ya Mungu. Nasema tu kwamba mwanadamu hukumbuka mambo mawili yaliyokutana na kusahau elfu yaliyopishana.

Walakini tusikimbilie kusema kwamba yote ni bahati. Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961 ikawa jamhuri tarehe 9 Desemba 1962; Kenya ilipata uhuru tarehe 12 Desemba 1963 ikawa jamhuri tarehe 12 Desemba 1964. Siku hizo hazikukutana, zilikutanishwa. UNESCO nayo ilichagua 7 Julai kwa kuwa siku hiyo mwaka 1954 TANU ilikishika Kiswahili kuwa chombo cha kupigania uhuru. Na waliodai marekebisho ya katiba Kenya mwaka 1997 waliitisha mikutano yao tarehe 7 Julai wakijua fika walichokuwa wakikikumbusha. Siku hiyo watu walipigwa hata ndani ya kanisa kuu la All Saints.

Mkono wa binadamu katika kalenda waonekana wazi zaidi katika siku ya 20 Oktoba. Jioni ya tarehe hiyo, mwaka 1952, Gavana Evelyn Baring alitia sahihi tangazo la hali ya hatari. Jomo Kenyatta na wenzake walikamatwa baada ya saa sita za usiku, yaani tarehe 21 kwa hesabu ya serikali. Hata hivyo siku iliyoadhimishwa ikawa ya 20, ikaitwa Siku ya Kenyatta mpaka katiba ya mwaka 2010 ilipoiita Siku ya Mashujaa. Mzee wa Lamu, ambaye siku yake huanza jua linapokuchwa, angetuambia kwamba sahihi na pingu vyote vilikuwa vya usiku mmoja, na kwamba serikali ndiyo iliyoukata usiku huo vipande viwili.

Maadam sisi ndio tuzipazo siku maana, basi twawajibika kwa maana hizo. Na hapa ndipo swali la yule msichana lilipo. Tukisema kwamba siku ya kilio isiguswe na furaha, hatutabaki na siku hata moja, kwani hakuna tarehe isiyokuwa na kaburi. Tukisema kwamba kila mtu ashike lake, tutakuwa jirani apigaye ngoma karibu na nyumba yenye maiti.

Nyumba za Ziwani zilijengwa wakati wa ukoloni kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika, nazo zimegusana, ukuta mmoja ukihudumia nyumba mbili. Akifiwa mtu upande huu na upande wa pili pana arusi, arusi haivunjwi. Lakini mwenye arusi huenda kutoa pole kwanza, hupunguza sauti ya redio, na watoto wake hukatazwa kupiga kelele mlangoni. Mfiwa naye hamwombi bibi arusi aone haya kwa kuolewa. Hakuna sheria ya mji iliyoandika hayo, na sijasikia mtu akiuliza ukuta ni wa nani.

Nadhani tarehe ni ukuta wa namna hiyo. Serikali haiwezi kuutwaa wote kwa sherehe zake, wala wapinzani wake kwa maandamano yao. Nasi tukipendao Kiswahili hatuna haki ya kusoma mashairi ya kukisifu tarehe 7 Julai huku tukimkataza mwanafunzi kukitumia kusimulia habari za Kamukunji. Nalisema hili kwa kujishutumu, kwa kuwa mimi mwenyewe niliwahi kumwondolea mwanafunzi shairi katika orodha ya sherehe yetu kwa kuogopa wageni waheshimiwa. Lilikuwa shairi zuri kuliko yaliyobaki.

Tarehe 7 Julai 2025 shule yetu haikufungua mlango. Barabara za kuingilia mjini zilikuwa zimefungwa na askari, na nchini kote watu zaidi ya 30 waliuawa. Mashairi yetu yalibaki katika mafaili. Wiki iliyofuata yule msichana aliniambia kwamba nyanya yake alikuwa amepika mahamri bila kuombwa. Akayafunika kwa kitambaa, akaketi kizingitini tangu adhuhuri, akiwahesabu vijana wa majirani kila mmoja aliporudi. Wa mwisho alipoingia, saa mbili za usiku, ndipo alipokifunua kitambaa, akamwita mjukuu wake ale.