Njano Imeenda Wapi?



Rangi za msingi ni tatu: nyekundu, njano na bluu. Njano na bluu zinazaa kijani, nyekundu na bluu zinazaa zambarau. Hayo tulifundishwa tangu shule ya msingi. Sasa angalia kasula ya padre mwaka mzima. Kijani kinachukua wiki 33 au 34 za Kipindi cha Kawaida, zambarau inachukua Majilio na Kwaresima. Yaani sehemu kubwa ya mwaka Kanisa linavaa rangi zinazotokana na kuchanganya. Sisemi zilichaguliwa kwa sababu hiyo, hapana. Ila nikiziona altareni huwa naifikiria Karatu yetu.

Maana hapa, kwenye benchi moja, utamkuta Mwiraqw mwenye lugha ya Kikushi, Mbarbaig na Mmaasai wenye lugha za Kiniloti, na Wabantu wa kila upande waliokuja na biashara, ualimu au utalii. Ukishuka Mang'ola hadi Ziwa Eyasi, wapo Wahadzabe, ambao lugha yao haina ndugu. Tunapeana amani vizuri tu. Shida inaanza pale mmoja anapotaka kuoa kwa mwenzake.

Dada mmoja katika kikundi chetu, Mwiraqw, amepata mchumba Mmaasai kutoka Ngorongoro. Wote Wakatoliki, wote wana kipaimara. Baba yake amekataa hata kupokea wageni. Anasema, "Wajukuu zangu watanisalimia kwa lugha gani?"

Jamani, tusimcheke mzee. Siku moja nikiwafundisha watoto wa Utoto Mtakatifu kuchanganya rangi, mmoja alikitazama kijani chake akauliza, "Njano imeenda wapi?" Ni swali lilelile la mzee. Na wanaochora wanajua kwamba bluu ina nguvu: ukimwaga kijiko kizima kwenye njano kidogo, njano inamezwa. Ukikoroga zote tatu hovyo, unapata tope. Zipo ndoa za namna hiyo, ambamo mmoja ameambiwa asahau kwao, lugha, hata chakula cha mama yake.

Lakini tazama shuka la kimaasai lenye miraba, lile la nyekundu na bluu. Ukiwa mbali, pale nyuzi zinapokatiana unaona kama zambarau. Sogea karibu: kumbe kila uzi una rangi yake, hakuna uliopotea. Pentekoste ndivyo ilivyokuwa (Mdo 2:1-11). Waparthi, Wamedi, Waarabu, kila mmoja alisikia kwa lugha ya kwao. Roho Mtakatifu angeweza kuwapa wote lugha moja, kazi ikaisha. Hakufanya hivyo.

Halafu kuna tone la maji ambalo padre hulitia kwenye divai wakati wa kuandaa vipaji. Dogo sana, wengi hatulioni kwa sababu tunatafuta sadaka mfukoni. Tone lile haliwezi kutolewa tena. Linatukumbusha kwamba Kristo alijichanganya na ubinadamu wetu ili sisi tushiriki umungu wake, na alipojichanganya hakuacha kuwa Mungu, wala hakutumeza.

Kwa hiyo nilimwambia yule dada asiende kwa baba yake na maneno ya "siku hizi hakuna ukabila." Aende na jibu la swali aliloulizwa. Wamekaa na mchumba wake wakakubaliana: watoto watasema Kiiraqw na Kimaasai nyumbani, Kiswahili watakikuta shuleni na kanisani. Kijana ameshaanza kujifunza salamu za kwa wakwe, ingawa matamshi yake bado yanachekesha.

Jumamosi hii anakwenda Karatu na mzee mmoja wa jumuiya kujaribu tena hodi. Majina yao bado hayajapelekwa kwa paroko. Tuwasindikize na fumbo la tatu la utukufu, yaani kushuka kwa Roho Mtakatifu, kila jioni hadi siku hiyo. Na baba yake tumtaje.