Jumanne: Alishuhudia Alichokijua

Soma Yohana 9:1–38. Mtu huyu anamwelezaje Yesu katika mafungu ya 11, 17, 33 na 38? Ni badiliko gani unaloliona?

Mafarisayo walipomhoji mtu aliyezaliwa kipofu, hakujifanya mjuzi wa yote. Alishikilia jambo moja tu: macho yake yaliyokuwa gizani tangu kuzaliwa sasa yanaona. Hakuna hoja iliyoweza kuufuta ukweli huo.

Wazazi wake walikiri kwamba ni mwana wao na kwamba alizaliwa kipofu. Lakini habari za aliyemponya hawakutaka kuzigusa, kwa kuwa waliogopa kutengwa na sinagogi (fungu la 22). Mwana wao hakunyamaza, naye akafukuzwa (fungu la 34).

Hata hivyo, angalia alichopata. Kwanza alimtaja Yesu kuwa mtu tu, kisha nabii, kisha mtu aliyetoka kwa Mungu. Mwishowe alimsujudia. Kila alipoulizwa akajibu, alizidi kumfahamu Mponyaji wake. Na wanadamu walipomtoa nje, Yesu alimtafuta hadi akamwona (fungu la 35).

Wengi husubiri wajue mengi ndipo washuhudie. Mtu huyu alianza na kidogo alichokijua, na imani yake ikakua alipokuwa akishuhudia.

Ni jambo gani moja alilokutendea Kristo ambalo huwezi kulikana? Ni nani nyumbani au kazini mwako hajalisikia bado, na ni hofu gani inayokuzuia kumwambia?