Macho Mekundu ya Bibi



Wiki mbili zilizopita, kwenye mkutano wa VIWAWA kigangoni kwetu hapa Bukoba, binti mmoja aliuliza: kupenda muvi za kuuana ni dhambi, au ni burudani tu? Watu wakacheka. Katibu akasema tuendelee na ajenda ya michango, na swali likaishia hapo. Mimi ni mtu wa muvi tangu utotoni, kwa hiyo niliondoka nalo mpaka nyumbani.

Nianze na ninazozipenda. Nimekulia mjini, jirani na banda la video. Kiingilio kilikuwa shilingi mia, na ukikosa hela unachungulia kwenye tundu la bati mpaka mwenye banda akumwagie maji. Hapo ndipo nilipomjua Lufufu, yule bwana aliyekuwa akituwekea Kiswahili kwenye muvi za nje. Hapo pia niliiona Komando ya mwaka 1985, ile tuliyoiita Komando Kipensi. Arnold Schwarzenegger anaua watu wengi mno ili amwokoe binti yake, na sisi tunapiga makofi. Stelingi hafi, adui lazima afe. Naipenda mpaka leo, siwezi kuwadanganya. Lakini hakuna mtoto aliyetoka pale akiamini kwamba baba yake naye anaweza kufyeka jeshi zima peke yake. Ulikuwa uongo, na tulijua ni uongo.

Bongo muvi nazo nilizipenda. Steven Kanumba alipofariki, tarehe 7 Aprili 2012, ilikuwa Jumamosi Kuu, na usiku ule kwenye Mkesha wa Pasaka watu walikuwa wananong'ona habari zake hata mshumaa wa Pasaka ukiwa unawashwa. Mama aliniangalia kwa jicho kali, maana mimi nilikuwa mmoja wao.

Ninazozichukia ni zile za uchawi. Mnazijua: kijana anatoka mjini na gari, anafika kijijini, na kuna bibi kizee mwenye macho mekundu anayemtazama kupitia dirishani. Muziki unabadilika. Dakika tano baadaye kijana anaumwa. Niliangalia moja ya namna hiyo nikiwa na miaka kumi hivi, na kesho yake nikapelekwa likizo kwa bibi yangu, Muleba.

Bibi alikuwa na macho mekundu.

Alipikia kuni maisha yake yote, mafiga matatu, jiko dogo lisilo na dirisha, moshi mchana na jioni. Daktari yeyote angekwambia sababu. Mimi niliijua sababu nyingine, nimeiona bandani kwa shilingi mia. Alipopakua ndizi na maharage nikasema nimeshiba. Siku ya pili pia. Usiku nikawaambia watoto wa mjomba kwamba bibi ni mchawi, nao wakawaambia watoto wa majirani. Baada ya siku chache ndama wa jirani akafa, na kijana mmoja akapita pale kwenye migomba akasema kwa sauti, kusudi asikike, kwamba vizee vingine vimeishi mno.

Hayakutokea mabaya zaidi, namshukuru Mungu. Lakini sote tunajua kwamba huku Kanda ya Ziwa, akina mama wazee wameuawa kwa mapanga kwa sababu ya maneno ya namna hiyo, na kwa sababu ya macho ya namna hiyo.

Sijui kama bibi alifahamu yalikoanzia. Ninachokumbuka ni kwamba tangu jioni ile alikuwa akimega kipande cha ndizi kwenye sahani yangu, anakila kwanza mwenyewe, kisha ananisogezea sahani. Nilidhani ni uroho tu.

Sasa dhambi iko wapi? Mwenzangu mmoja ananiambia, wewe ulikuwa mtoto, na ile ilikuwa hadithi tu. Ni kweli. Lakini kwenye Komando adui ni watu nisiokutana nao, huku kwenye zile nyingine adui ni mtu wa kwetu asiye na wa kumtetea, na ninarudi nyumbani namkuta jikoni. Yule aliyetunga hakumjua bibi yangu, ila alichagua sura ambayo tayari watu wanaiogopa, akapata hela yake. Hilo ni lake. La kwangu ni amri ya nane, ile ya kutomshuhudia mtu uongo, na niliivunja kwa mdomo wangu mwenyewe.

Kuna muvi ya Kifaransa ya mwaka 2010, inaitwa Des hommes et des dieux, inahusu watawa wa Tibhirine kule Algeria. Mara ya kwanza nilisinzia, kwa kweli ni ya polepole. Wanabishana mezani waondoke au wabaki na majirani zao Waislamu. Bruda Luc anawatibu wanakijiji, na anamtibu hata mpiganaji aliyejeruhiwa. Kifo chao hakionyeshwi kabisa. Baadaye nikasoma kwamba waliowateka watawa saba walitangaza kuwa waliwaua tarehe 21 Mei 1996. Mtu wa Bukoba hahitaji kuelezwa hiyo ni siku gani. Ni siku MV Bukoba ilipozama. Nikairudia muvi yote usiku uleule, na safari hii sikusinzia.

Bibi alishafariki. Kwaresima hii ndiyo mara ya kwanza niliungama jambo lile, miaka yote nilikuwa naliruka, eti ilikuwa muvi tu. Malipizi niliyopewa ni kwenda kumsalimia mama mzee aliyekuwa jirani yake, na kula nitakachopewa.

Nikapanda Hiace ya Muleba. Mama yule alinifurahia sana, akaniketisha kwenye kigoda palepale jikoni, akapika ndizi. Kuni zilikuwa mbichi. Kabla chungu hakijachemka machozi yalikuwa yananitiririka kwa moshi, nikawa nafuta kwa mkono, naye ananicheka na kuniambia macho yako yamekuwa mekundu kama yangu.